Boda ya magamba ya mgomba: nzuri kwa picha za midoli, lakini itengeneze kwanza

Ukipita kwenye vibanda vya sanaa nyuma ya National Theatre jijini Kampala, au vile vya Buganda Road, utaikuta rafuni katikati ya ngoma ndogo na ng'ombe wa Ankole wa mbao: boda iliyozungushiwa magamba makavu ya mgomba, dereva yuko juu yake, mara nyingine na abiria aliyekaa upande. Wengi huinunua kama zawadi, ikifika nyumbani inawekwa juu ya kabati na safari yake inaishia hapo. Sisi tunaiangalia kwa kazi nyingine. Je, inafaa kwa picha za midoli? Yaani uipeleke kwenye udongo mwekundu, umwinamishe dereva, umpakie mkungu wa matoke, mpaka anayeiona picha aulize hiyo ni barabara ya wapi?

Inafaa, tena kuliko pikipiki za plastiki zinazouzwa madukani kama vichezeo vya watoto. Ila haifai siku ileile unayoinunua. Inataka jioni mbili za kazi ya mikono kabla ya picha ya kwanza, na sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu kazi hiyo.

Ilivyo mkononi

Tuliyoipima ina sentimita 17 kutoka ncha ya tairi la mbele hadi ncha ya tairi la nyuma. Boda halisi ina karibu mita 2, kwa hiyo hii imeangukia karibu sawasawa kwenye kipimo cha 1 kwa 12. Ni bahati kubwa kwa mpiga picha, maana midoli mingi yenye viungo vya kukunjika ina kimo cha sentimita 15 hivi na hufuata kipimo hichohicho, na vyombo vya nyumba za wanasesere pia. Chochote utakachotengeneza kwa kipimo hicho kitakaa na boda bila kuonekana kigeni. Hesabu ni nyepesi: pima kitu halisi kwa sentimita, gawa kwa 12. Dumu la lita 20 lenye kimo cha sentimita 38 linakuwa la sentimita 3 na milimita 2.

Anayeharibu hesabu ni dereva. Ukimnyoosha kutoka utosini hadi kisiginoni anapata sentimita 11 na nusu. Zidisha kwa 12, unapata mtu wa mita 1.38, mtoto wa shule ya msingi aliyepanda pikipiki ya baba yake. Ufupi huo unaisaidia boda isianguke rafuni, lakini mbele ya kamera unaonekana, hasa ukipiga kutoka ubavuni. Ukipiga kutoka mbele na chini, tairi na usukani vikiwa karibu na lenzi, ufupi huo hauonekani. Dawa ya kudumu ni kuagiza dereva mwingine wa sentimita 14.

Chini ya magamba kuna waya wa kufungia nondo uliosokotwa. Huo ndio mifupa. Magamba, ambayo Waganda huyaita byayi, yamechanwa vipande vya upana wa milimita 3 hadi 5, yakazungushwa juu ya waya yakiwa na unyevu, kisha yakabanwa kwa gundi. Matairi ni kamba nene ya magamba iliyofungwa duara. Dereva hana uso: kichwa ni fundo tu, na hilo ni jambo zuri. Uso uliochorwa una hali moja kila siku. Fundo lisilo na uso huchukua hali ya mwili, kwa hiyo ukimwinamisha shingo kidogo amechoka, na ukimwegemeza mbele ana haraka.

Kwa nini gamba linaishinda plastiki

Plastiki hurudisha mwanga kama kioo. Doa jeupe juu ya tangi, mstari wa mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana, na jicho limeshajua kwamba kitu ni kidogo. Gamba la mgomba hunyonya mwanga. Sogeza kamera mpaka sentimita 10 kutoka kwenye tangi, uangalie kipande kimoja tu. Gamba likiwa bichi lina vyumba vya hewa vilivyopangana kama masega, na likikauka kuta za vyumba hivyo hubaki zimejichora kama wavu wa miraba midogo chini ya ngozi nyembamba. Mwanga wa pembeni ukipita juu yake, kila mraba hutupa kivuli chake. Kwenye picha tangi hilo linakuwa ngozi ya zamani, na kiti kinakuwa turubai lililochoka kwa jua. Rangi nayo haifanani popote: hapa asali, pale kahawa iliyokolea, mahali pengine doa jeusi la mvua iliyolikuta gamba likiwa bado shambani. Uchakavu wa namna hii haupatikani kwa rangi ya kupuliza.

Na malighafi ya kuikarabati haina bei. Mgomba huzaa mkungu mmoja, kisha shina hukatwa, hivyo popote penye shamba la matoke pana magamba. Chukua yaliyokauka yakiwa bado yamesimama kwenye shina. Yaliyolala chini yana ukungu na wadudu, na utawahamishia ndani ya nyumba.

Kasoro zake na dawa ya kila moja

Ya kwanza, na inayowakatisha watu tamaa, ni kwamba haisimami. Kwenye hii yetu gurudumu la mbele lina kipenyo cha sentimita 4.5 na la nyuma 4.8, na hayako kwenye mstari mmoja. Ukiiachia inalala upande wa kushoto. Usiigundishe kwenye ubao, kwa sababu utakuwa umeifunga kwenye picha moja maisha yake yote. Chukua pini mbili za kushonea, kata vichwa kwa koleo, kisha sukuma moja ndani ya kila tairi kutoka chini kuelekea katikati ya gurudumu, ukiacha milimita 8 nje. Magamba yaliyosokotwa hupokea pini bila kutobolewa kwanza. Ikigoma, imegonga waya, isogeze milimita 2. Chini ya udongo wa picha weka sponji ngumu nyeupe, ile inayofungia televisheni ndani ya boksi, yenye unene wa sentimita 3. Pini zinachomwa humo na boda inasimama wima, hata ikipulizwa na upepo wa ziwani. Kosa linalofanyika hapa ni kumwaga udongo mwingi: ukizidi milimita 3, sehemu ya pini inayobaki kushika sponji ni fupi mno na boda inayumba. Kwenye sakafu au meza, ambapo pini haisaidii, tumia nta ya nyuki. Kipande kama punje ya mchele, kilichofinyangwa hadi kikalainika, chini ya kila tairi. Nta ya mshumaa haishiki vizuri.

Ya pili ni gundi. Kwenye viungo, hasa mkono unapokutana na usukani, kuna matone ya supaglu yaliyokauka. Kwa macho huyaoni. Kamera inayaona yote, yanang'aa kama machozi. Zungushia msasa namba 400 kwenye njiti ya kiberiti, sugua tone mara nne au tano mpaka ling'ae kidogo tu, kisha paka gundi nyeupe ya mbao iliyotiwa maji na unyunyizie unga wa magamba uliosagwa kwa vidole. Pembeni mwa matone hayo mara nyingi kuna ukungu mweupe, ambao ni mvuke wa supaglu ulioganda juu ya gamba. Brashi ya meno iliyo kavu huutoa. Ukikataa, funika mahali hapo kwa kipande kipya cha gamba, usipoteze muda. Na kwa matengenezo yako mwenyewe achana na supaglu kabisa. Gundi ya mbao ni ya polepole, lakini ikikauka haimeti kama supaglu.

Zipo boda zilizopakwa vanishi yote, na kibandani zinavutia kuliko nyingine. Ziache. Kama umeshainunua, pitisha msasa namba 600 kwa mkono mwepesi, kisha sugua vumbi laini la udongo mwekundu kwa brashi. Utarudisha nusu ya ulaini uliopotea, si zaidi.

Ya tatu ni nyuzi zilizochomoza. Uzi wa milimita 5 unaoning'inia kwenye mkono wa dereva ni sawa na kamba ya sentimita 6 kwenye shati la mtu mzima. Kata kwa mkasi wa kucha, kisha laza zilizobaki kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, sehemu 1 ya gundi kwa 3 za maji, ukitumia brashi ndogo na kubonyeza kwa kidole kilicholowa. Wapo wanaopitisha kiberiti kama wanavyofanya kwenye kamba ya nailoni. Nailoni huyeyuka, ila gamba kavu hushika moto kama karatasi, na hata ukiwahi kuuzima ncha zinabaki nyeusi.

Ya nne ndiyo pekee inayohitaji ufundi wa kweli. Uma wa mbele haukuunganishwa kwa waya na fremu, umefungwa kwa magamba tu. Baada ya kupinda usukani mara kadhaa unalegea na tairi linaangalia kando. Kata waya wa unene wa milimita 1, urefu wa sentimita 6, ukunje umbo la U, upande mmoja ulale juu ya uma na mwingine juu ya fremu, kisha funga kwa gamba jipya. Siri iko kwenye unyevu. Gamba liloweke kwa dakika kumi katika maji ya vuguvugu, lifute, lizungushe likiwa limevutwa. Likiwa kavu hupasuka kwenye kona. Likilowekwa muda mrefu huvimba, na likikauka linanywea na mzunguko wote unalegea, nawe utadhani gundi ndiyo mbovu. Acha likauke usiku kucha kivulini. Juani hukunjamana.

Kuhusu kumpinda dereva: lainisha kiungo kwanza kwa brashi yenye maji, subiri dakika mbili, pinda juu ya penseli ili kona iwe ya duara. Waya unaopindwa na kunyooshwa mahali palepale huchoka na kukatika, na ukikatika ndani ya magamba hakuna njia ila kufumua mkono mzima. Amua mikao mitatu unayoitaka, piga picha zote za mkao mmoja, ndipo uhamie mwingine.

Mzigo: mkungu wa shanga za karatasi

Boda tupu ni pikipiki tu. Mzigo ndio unaoifanya iwe ya Uganda, na mzigo unaopendeza kuliko yote unatokana na ufundi mwingine wa hapahapa: shanga za karatasi, zile ambazo akina mama wa Acholi Quarters, mtaa wa jijini Kampala, wamezifanya kazi kwa miaka. Shanga ya karatasi hukatwa kwa pembetatu ndefu, huzungushwa kuanzia upande mpana, na hutoka nene katikati na nyembamba kwenye ncha mbili. Hilo ndilo umbo la tunda la matoke.

Tunda lenye urefu wa sentimita 17 kwa kipimo chetu linakuwa la sentimita 1.4, na unene wake milimita 3 na kitu. Kwa hiyo kitako cha pembetatu kiwe sentimita 1.4 na urefu wake sentimita 8, kwa karatasi ya kawaida ya kuchapia. Ukitumia karatasi nzito ya kalenda punguza urefu hadi sentimita 5, la sivyo utapata matunda yaliyofura. Karatasi zenye kijani zinapatikana kwenye mabaki ya wachapishaji wa Nasser Road. Tafuta zenye picha za majani au nyasi, kwa sababu kijani kilichochanganyika kinaonekana hai kuliko kijani kimoja. Zungushia kila pembetatu kwenye sindano, weka gundi kwenye sentimita 3 za mwisho tu, ichomoe, na kabla gundi haijakauka ikunje kidogo juu ya kalamu ili tunda lipate mgongo wake.

Unahitaji matunda 40. Yapange manane manane kuzunguka waya wa sentimita 7 uliofungwa gamba, vichane vitano, ncha zikiangalia juu, kila kichane kikipishana na cha chini yake. Shanga za mapambo hupakwa vanishi. Hizi usizipake. Ncha ya kila tunda iguse kwa kalamu nyeusi. Mkungu mmoja huchukua saa tatu hivi kwa mkono uliozoea, na utautumia miaka.

Kofia ngumu ya dereva ni kazi fupi: gololi kubwa ya sentimita 2.5, ipake mafuta ya kujipaka, ibandike tabaka nne za karatasi ya tishu kwa gundi ya mbao, kikikauka kata nusu, paka rangi. Taa ya mbele ni LED nyeupe ya milimita 3 na betri ya CR2032, ambayo huiwasha moja kwa moja bila rezista. Mbele yake gundisha kiputo cha plastiki kilichokatwa kwenye pakiti ya vidonge, kinakaa kama kioo cha taa hasa.

Lubugo na udongo

Kwa mandhari ya nyuma hatujapata kitu kinachoshinda lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Gome la ndani huvuliwa wakati wa mvua, likapondwa kwa nyundo za mbao mpaka likawa laini na kupata rangi ya udongo wa kuchoma. UNESCO iliutangaza ufundi huu mwaka 2005 na ukaingizwa kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008. Kipande cha sentimita 60 kwa 90 kinatosha. Kining'inize sentimita 50 nyuma ya boda, upinde wa chini uwe wa mviringo bila mkunjo, nacho kwenye picha kinakuwa kilima cha mbali chenye vumbi. Mishono na viraka vyake havisumbui, vinaonekana kama njia za miguu. Makunyanzi yapige pasi ya moto wa wastani juu ya kitambaa chenye unyevu.

Jambo moja la heshima. Kwa Waganda lubugo ni kitambaa cha shughuli kubwa, na huvikwa marehemu. Kuna wazee ambao hawatapenda kukiona kimetandikwa chini ya midoli, nao wana haki yao. Ukiwa kwenye nyumba ya watu, omba ruhusa kwanza. Tumia mabaki yanayouzwa kwa kazi za mikono, usitumie kipande kilichoandaliwa kwa sherehe.

Udongo mwekundu wa barabarani uchekeche mara tatu kwa kichujio cha chai, mara ya mwisho kwa soksi ya nailoni. Punje ya milimita 1 inakuwa kokoto ya zaidi ya sentimita moja machoni pa dereva wako, na kwenye barabara nzima iliyojaa kokoto za ukubwa mmoja picha inajisema yenyewe kuwa ni ya mezani. Usiumwage juu ya lubugo. Hautoki.

Mwanga na simu

Geuza simu kichwa chini. Lenzi zitakuwa sentimita mbili kutoka ardhini, kwenye kimo cha kitovu cha gurudumu, na hapo boda inapata ukubwa. Kosa la kwanza la kila anayeanza ni kusogea karibu mno: kwenye sentimita 10 tairi la mbele linavimba, kichwa cha dereva kinapoteza fokasi, na picha yote inasema kichezeo. Rudi nyuma hadi sentimita 30 au 40, tumia ukuzaji wa mara 2. Simu nyingi mpya huruka zenyewe kwenye lenzi pana zikiona kitu kiko karibu, zima hiyo kwenye mipangilio. Lenzi za kubana za kukuza zinafaa kwa picha ya tangi au mkono peke yake. Kwa boda nzima hazina kazi.

Gamba ni la kahawia na lubugo ni nyekundu, kwa hiyo simu hudanganyika mara mbili. Inadhani pana giza na kuongeza mwanga, nawe ushushe kipimo cha mwanga (exposure) hadi −0.7. Pia inajaribu kuipunguza rangi nyekundu na picha inageuka ya buluu iliyopauka. Weka karatasi nyeupe mbele ya boda, funga mizani ya rangi (white balance) hapo, kisha iondoe karatasi.

Jua la hapa kwetu, karibu na ikweta, huzama moja kwa moja bila kuinama. Linashuka digrii 15 kwa saa, maana yake zile dakika za mwanga wa dhahabu, jua likiwa chini ya digrii 6, hazifiki nusu saa. Kampala linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache, kutegemea mwezi. Udongo uwe umeshatandazwa, pini zimeshachomwa, na mizani ya rangi imefungwa kabla ya saa kumi na mbili. Anayeanza kupanga vitu wakati mwanga umeshakuwa mzuri atapiga picha mbili tu.

Kwa picha ya vumbi weka jua nyuma ya boda. Mtu wa pili apulize unga wa udongo kwa mrija kutoka nyuma ya tairi, pumzi fupi moja, wewe ukiwa umebonyeza picha za mfululizo. Vumbi linalopigwa mwanga kutoka mbele halionekani. Ndani ya nyumba, ukiona mistari ya giza imekatiza picha, ni balbu ya LED inayopepesa na umeme wetu wa hezi 50. Weka kasi ya shata 1/50 au 1/100 na mistari itaondoka. Usichanganye balbu na dirisha. Chagua kimoja, na upande wa kivuli simamisha karatasi ya foili iliyokunjwakunjwa kisha ikanyooshwa.

Kununua, kuagiza, na nyingine zinazofanana nayo

Kabla ya kulipa iweke juu ya kaunta na uiangalie kwa usawa wa macho: matairi yakiwa kwenye mstari umejiokolea saa nzima. Shika uma, upinde kidogo. Nusa pia, harufu ya ukungu haidanganyi. Muulize muuzaji kwa upole, "Nnyabo, unayo ambayo haijapakwa vanishi?" Mara nyingi ipo chini ya meza kwa sababu watalii hawaichagui.

Ukiagiza, usimpelekee mfumaji picha ya kwenye simu. Mchoree boda kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi, aweze kuilaza juu yake: urefu sentimita 16 na nusu, matairi yote mawili sentimita 5, kutoka kitovu hadi kitovu sentimita 10 na nusu, usukani upana sentimita 6, kiti kimo cha sentimita 6 na nusu, dereva sentimita 14. Andika pembeni kwamba waya upite kwenye uma hadi kwenye fremu, na kwamba mikono ya dereva isigundishwe kwenye usukani. Lipa nusu, nusu nyingine baada ya kuipima mbele yake. Hapa ndipo huduma ya mafundi hawa inapostahili sifa: ukiwapa vipimo, wanavifuata.

Ya waya na shanga za kioo inasimama vizuri zaidi, ila kila shanga hubeba nukta ya mwanga, na boda inakuwa pambo. Inafaa usiku tu, yenye taa nyuma. Ya mbao ni imara na kwa mtoto wa kuchezea ndiyo tungeichagua, lakini dereva wake hapindiki.

Mvua

Udhaifu ambao hautaiacha boda hii ni maji. Misimu yetu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, gamba hunyonya unyevu wa hewani hata ndani ya kabati, na ukungu wa kijivu huanzia chini ya kiti ambako hukuangalii. Ihifadhi kwenye boksi la karatasi, si mfuko wa plastiki, pamoja na vifuko vile vidogo vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Ukiona vumbi kama unga wa mbao chini yake, ni wadudu. Ifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, iweke kwenye friza wiki mbili, na ukiitoa usiifungue mpaka ipate joto la chumba, ili matone yagande nje ya mfuko badala ya kwenye gamba.

Picha ya mvua bado unaweza kuipiga. Changanya glisarini na maji kiasi sawa, chovya kijiti cha meno, weka matone kwenye kofia na kwenye taa tu, sehemu zisizo za gamba, na ardhi ndiyo uilowanishe. Tone la mchanganyiko huo halikauki upesi, na linatosha kwa saa nzima ya kupiga picha. Ukimaliza futa kwa pamba, chomoa pini zisiache kutu ndani ya tairi, na iache boda usiku kucha mahali penye upepo kabla ya kuirudisha kwenye boksi.